Kaburi Lisilo na Maiti: Jemadari Zheng He Amelala Wapi?

Katika mteremko wa mlima Niushou, nje ya jiji la Nanjing nchini Uchina, pana kaburi la mawe linalozuriwa na wageni wa kila namna. Hufikiwa kwa kupanda vidato 28 vilivyogawanywa katika mafungu manne, kila fungu vidato saba, kuwa ukumbusho wa safari saba za baharini. Juu yake pamechongwa kwa hati za Kiarabu maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu. Mwenye kaburi ni Zheng He, jemadari mkuu wa majahazi ya ufalme wa Ming. Kila kinachopasa kuwapo kaburini kipo pale, ila kimoja tu: maiti. Inaaminika na wengi kwamba chini ya mawe yale hamna kitu zaidi ya mavazi na kofia.

Basi mwenyewe yu wapi? Alifia wapi, lini, na ni mkono gani uliomfukia? Ni maswali ambayo wataalamu wa historia wameyabishania kwa miaka mingi, na hadi leo hayajapata jibu la kukata mzizi wa fitina. Najua kwamba msomaji anaweza kuniuliza kwa haki: yatuhusu nini sisi Wakenya kaburi la Mchina aliyefariki karibu miaka 600 iliyopita? Namwomba anivumilie kidogo. Yatuhusu, na tena sana, kwa kuwa jina la mtu huyu limefungamanishwa na Malindi, na Lamu, na kisiwa cha Pate. Na jinsi tunavyolishughulikia swali la kifo chake ndivyo tutakavyolishughulikia swali la asili yetu wenyewe.

Kwanza tumjue mtu. Zheng He alizaliwa yapata mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina, katika nyumba ya Waislamu wa ukoo wa Ma. Baba yake aliitwa Haji, jina ambalo msomaji wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Majeshi ya Ming yalipoliteka jimbo hilo mnamo 1381 na 1382, kijana huyo alitekwa, akahasiwa, na kutiwa katika utumishi wa mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di. Huko ndiko alikojifunza vita. Zhu Di alipomwondoa mpwa wake katika kiti cha enzi mwaka 1402, towashi huyu alikuwa mmoja wa makamanda wake wa kutegemewa, na mwaka 1404 akatunukiwa jina jipya la ukoo, yaani Zheng.

Kuanzia mwaka 1405 hadi 1433, misafara saba ya majahazi iliondoka Uchina chini ya uongozi wake. Ilifika Java, Sumatra, Sri Lanka, Bara Hindi, Hormuz, Uarabuni, na hatimaye pwani ya Afrika. Asidhani mtu kwamba zilikuwa safari za kubeba zawadi peke yake. Mwaka 1407 alimkamata haramia mkubwa wa Palembang, Chen Zuyi, ambaye alipelekwa Uchina akauawa. Katika Sri Lanka alipigana vita nchi kavu, akamteka mtawala wa huko na kumpeleka mbele ya mfalme wake mwaka 1411. Ndiyo maana namwita jemadari, wala si nahodha.

Safari ya saba ndiyo inayotupeleka kwenye fumbo letu. Tarehe zake tunazo kwa sababu mwandishi mmoja, Zhu Yunming, aliyezaliwa miaka kama 30 hivi baada ya safari hiyo, alizihifadhi katika kitabu chake. Msafara uliondoka Nanjing mwezi wa Januari 1431. Ulikaa kwa muda mrefu katika bandari za Uchina ukingoja pepo, na haukuingia bahari kuu hadi Januari 1432. Ulikuwa na watu 27,550. Desemba 1432 ulitia nanga Calicut, mji wa pwani ya Malabar ambao sasa unaitwa Kozhikode, ukakaa siku chache tu. Tarehe 17 Januari 1433 ukafika Hormuz. Ulipogeuza tanga kurudi nyumbani mwezi wa Machi, uliingia Calicut tena tarehe 31 Machi, ukaondoka tarehe 9 Aprili, na mwezi wa Julai 1433 majahazi yakaonekana tena katika maji ya Uchina. Mabaharia walituzwa mavazi. Wakati huo, je, Zheng He alikuwa miongoni mwao?

Hapa ndipo wataalamu wanapofarakana, na kwa maoni yangu yafaa tuzitazame kauli zao moja baada ya nyingine, kama kadhi atazamavyo ushahidi.

Kauli ya kwanza yasema kwamba jemadari alirejea salama, akashika tena kazi yake ya kulinda jiji la Nanjing, ambayo alikuwa amepewa mwaka 1425, na kufariki huko mwaka 1435. Wenye kauli hii wanaitegemea historia rasmi ya ufalme wa Ming, iliyokamilishwa mwaka 1739. Historia hiyo yasimulia kwamba Zheng He na mwenzake Wang Jinghong walitumwa katika nchi 17, kisha wakarejea. Haitaji kifo chochote cha ughaibuni. Wanauliza: kama mtu mkubwa kiasi hicho angalifia nchi ya mbali, ingewezekanaje historia isinene neno?

Kauli ya pili yasema alifariki Calicut mwaka 1433. Vitabu vya taarikhi za wilaya ya Nanjing, vilivyoandikwa katika enzi ya Qing, vyasema hivyo waziwazi, na kuongeza kwamba mahali pale pa mlima Niushou alipewa kaburi kwa hisani ya mfalme. Vitabu hivyo vimechelewa mno, kwani viliandikwa zaidi ya miaka 200 baada ya tukio. Lakini katika miaka ya 1980 wasomi wa Uchina walileta bayana andiko jingine, la mwaka 1457, linalohusu sanamu na vyombo vya ibada ambavyo jemadari huyo aliviacha katika hekalu la Kibudha. Nalo lasema kwamba alifariki Calicut, na linautaja mwaka wenyewe: ule unaolingana na 1433 wa hesabu yetu. Kutoka 1433 hadi 1457 ni miaka 24. Watu waliomjua kwa macho walikuwa bado hai.

Kauli ya tatu ni ya masimulizi. Yasemwa kwamba alifia chomboni, akaswaliwa na kuteremshwa baharini kwa desturi ya Kiislamu, na kwamba viatu vyake na msongo wa nywele zake vilipelekwa Nanjing vikazikwe kwa niaba ya mwili. Ni masimulizi yenye kuugusa moyo. Nani asingependa kumwona mtu wa bahari akipumzishwa na bahari? Lakini uzuri wa kisa si ushahidi wa ukweli wake.

Mimi si mtaalamu wa Kichina, wala sidai kwamba nimegundua waliloshindwa kuligundua wenye elimu hiyo. Hata hivyo, mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuzipima kauli hizi kwa mizani ya kawaida.

Tuanze na ile ya kwanza. Ukimya wa historia rasmi si hoja yenye nguvu kama inavyodhaniwa. Kitabu hicho hicho kilizivuruga hata tarehe za baadhi ya safari zake, na wanahistoria hawakuzinyoosha hadi karne ya 20, walipozisoma habari zilizochongwa mwaka 1431 kwa amri ya Zheng He mwenyewe, kule Liujiagang na Changle, kabla hajaondoka kwa mara ya mwisho. Ikiwa waandishi wa serikali walikosea kuhusu safari zilizowahusu maelfu ya watu, kwa nini tuwaamini wanaponyamaza kuhusu kifo cha mtu mmoja? Fauka ya hayo, kusema kwamba "fulani na wenzake walirejea" ni njia ya waandishi kusema kwamba msafara ulirejea. Si cheti cha kuthibitisha kwamba kila kiongozi alishuka bandarini kwa miguu yake.

Kauli ya pili ina nguvu zaidi, nami naelemea upande wake. Lakini nayo ina miiba yake. Mwaka wa Kichina unaolingana na 1433 ulianza mwezi wa Januari, siku chache tu baada ya msafara kufika Hormuz. Kwa hiyo, ikiwa kweli alifariki Calicut ndani ya mwaka huo, basi njia ni mbili tu. Ama alifariki katika zile siku tisa baina ya tarehe 31 Machi na 9 Aprili, majahazi yalipokuwa yakipitia kuelekea nyumbani. Ama hakufika Hormuz kabisa, bali aliachwa Calicut akiwa mgonjwa tangu Desemba, wenzake wakaendelea bila yeye. Hakuna andiko linaloamua baina ya njia hizi mbili. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 62 hivi, aliyekwisha kuikata bahari ile mara kadhaa, angeweza kufikwa na mauti wakati wowote.

Na akifia Calicut, azikwe wapi? Hapa ndipo ninapoona kwamba kisa cha kuzikwa baharini kinachechemea. Desturi ya kumteremsha maiti majini ni ya dharura, kwa yule afiaye mbali na ardhi. Afiaye bandarini hahitaji bahari. Mkalimani Ma Huan, Mwislamu wa Kichina aliyesafiri na misafara hiyo na kuandika kitabu juu ya nchi alizoziona, anasema kwamba Calicut ilikuwa na misikiti ishirini au thelathini. Mji wenye misikiti mingi hivyo haukukosa mazishi ya Kiislamu, sanda, wala watu wa kuswalia. Basi mtu hawezi kuzikumbatia hadithi zote mbili kwa urahisi, kwamba alifia Calicut na kwamba alizikwa baharini. Na iwapo alizikwa Calicut, kaburi lake halijulikani. Hakuna jiwe lenye jina lake lililokubaliwa na wataalamu katika mji ule.

Je, haiwezekani mwili ulisafirishwa hadi Nanjing? Yawezekana, lakini ni vigumu kusadiki. Kutoka Calicut hadi Uchina msafara ulitumia takriban miezi mitatu, katika joto la kitropiki. Mwislamu hupaswa kuzikwa haraka. Mchina naye hutamani sana kuzikwa katika ardhi ya wazee wake. Zheng He alikuwa yote mawili, na zaidi ya hayo. Mwaka 1409 aliandalia Sri Lanka jiwe ambalo liligunduliwa mjini Galle mwaka 1911. Jiwe hilo limeandikwa kwa lugha tatu: kwa Kichina linamtukuza Buddha, kwa Kitamil linamtukuza mungu wa Wahindu, na kwa Kiajemi linamtukuza Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Yale maandishi ya Liujiagang na Changle nayo yanamshukuru mungu wa kike wa mabaharia. Na andiko linalotupa mwaka wa kifo chake, kama nilivyoeleza, ni la hekalu la Kibudha. Mtu wa aina hiyo alizikwa kwa ibada gani? Kaburi la Niushou, ambalo zamani lilikuwa kilima chenye umbo la kwato la farasi, lilijengwa upya mwaka 1985 kwa mtindo wa Kiislamu. Waliolijenga walilijibu swali hilo kwa niaba yake. Huenda jibu lao ni sahihi. Lakini ni jibu la mwaka 1985, si la mwaka 1433.

Msomaji ataona kwamba matumaini ya kulimaliza fumbo hili yamewahi kuchomoza, kisha yakazama. Mwaka 2010 kaburi la kale lilifukuliwa karibu na mlima Zutang, huko huko Nanjing. Lilikuwa kubwa, lilikuwa la towashi wa enzi ile, na minong'ono ikaenea upesi kwamba jemadari amepatikana. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Safari hii halikuwapo, wala halikuja. Jiwe lililokutwa ndani lilisomwa, na jina likawa la Hong Bao, mmoja wa wasaidizi wa Zheng He katika safari ya saba. Maandishi yake, ya mwaka 1434, yana faida kubwa kwa wanahistoria, hasa kwa kuwa yanataja ukubwa wa majahazi. Lakini tazama mzaha wa historia: msaidizi ana kaburi lenye jina na maelezo, mkubwa wake ana kaburi lenye kofia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kwa nini hatujui? Mtu aliyeongoza watu zaidi ya 27,000 hafi kwa siri. Mahali popote alipofia, maelfu walijua. Walikuwako makatibu, matabibu, wakalimani na wapiga ramli. Habari ziliandikwa. Kutojua kwetu hakukutokana na kukosekana kwa mashahidi. Kulitokana na kukosekana kwa waliotaka kuutunza ushahidi.

Msafara uliporejea mwaka 1433, hali ya hewa katika baraza la mfalme ilikuwa imebadilika. Zhu Di, aliyekuwa mlezi wa safari zile, alikuwa amefariki tangu mwaka 1424. Mfalme aliyeagiza safari ya saba alifariki mapema mwaka 1435. Wasomi wa Kikonfyushasi waliokuwa wakiandika historia waliwachukia matowashi kwa sababu ya mamlaka waliyoyapata, na waliziona safari zenyewe kuwa ubadhirifu wa mali ya umma. Imesimuliwa kwamba katika miaka ya 1470, serikali ilipozitaka hati za safari zile, ofisa mmoja wa wizara ya vita, Liu Daxia, alizificha. Wengine husema alizichoma. Hata hili nalo halikuthibitishwa. Lililo dhahiri ni kwamba hati hazikuonekana tena. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini? Jemadari aliyeiletea serikali yake wafalme na twiga, alipokwisha kuwa mla jana, hakuna aliyeona haja ya kuandika mstari mmoja kusema kwamba amekufa.

Hilo ndilo somo la kwanza ninalolitoa katika kisa hiki. Taifa halimpotezi mtu wake mkubwa siku anapofariki. Humpoteza siku linapoamua kwamba kumkumbuka hakuna faida. Na likija kubadili nia baada ya karne tano, huwa limechelewa: linaweza kujenga vidato 28 vya mawe mazuri, lakini haliwezi kuirudisha maiti.

Kuna somo la pili, nalo latukuta sisi moja kwa moja. Pengo katika historia ni kama nyumba isiyo na mwenyewe. Halichelewi kupata wapangaji. Uchina ya leo imemfufua Zheng He kuwa alama ya urafiki wake na mataifa ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2005 yaliadhimishwa kwa shangwe miaka 600 tangu safari yake ya kwanza, na mwaka huo huo binti mmoja wa kisiwa cha Pate alipewa nafasi ya masomo huko Uchina kwa kuhesabiwa kuwa wa uzao wa mabaharia wake. Masimulizi ya wazee wa Siyu na Shanga yanajulikana: kwamba jahazi la Wachina lilivunjika mwambani, waliookoka wakakaribishwa, wakasilimu, wakaoa. Mimi siyadharau masimulizi hayo. Wazee wetu si waongo, na mara nyingi jembe la mwanaakiolojia limewathibitisha. Lakini tuseme yaliyopo. Wataalamu wa Kenya na wa Uchina walianza mwaka 2010 mradi wa utafiti katika pwani yetu, majini na nchi kavu. Hadi sasa halijatolewa baharini jahazi hata moja lililothibitishwa kuwa la msafara wa Zheng He.

Vimepatikana vitu vingine. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na katika kisiwa cha Manda, zimeokotwa sarafu za enzi ya mfalme Yongle, ambaye ndiye Zhu Di wetu wa hapo awali. Ile ya Manda ilitangazwa mwaka 2013. Ni ushahidi wa thamani kubwa. Lakini sarafu husafiri kwa mifuko mingi. Yaweza kuwa ilitoka mkononi mwa baharia wa Zheng He. Yaweza pia kuwa ilipita kwa mfanyabiashara wa Calicut, kisha wa Hormuz, kisha wa Mogadishu, ndipo ikatufikia. Ndivyo pia na yule twiga maarufu aliyepelekwa Uchina mwaka 1415 kutoka nchi ambayo wanahistoria wengi huitambua kuwa Malindi yetu. Mnyama alifika, na Wachina wakamfananisha na mnyama wa heri wa hadithi zao. Hata hivyo, hakuna andiko linalosema kwamba Zheng He kwa miguu yake alikanyaga mchanga wa Malindi. Katika misafara ile vikosi viligawanyika, na manaibu walitumwa huku na huku.

Nasema haya si kwa nia ya kuwakatisha tamaa watu wa Pate, wala kuubeza urafiki wa mataifa. Nayasema kwa sababu mtu anayepewa historia na mwenzake kama zawadi hana budi kuifungua na kuitazama kabla hajashukuru. Ikiwa leo tunaambiwa kwamba sisi ni watoto wa mabaharia kwa kuwa urafiki unafaa, kesho urafiki ukichacha tutaambiwa sisi ni watoto wa nani? Wachina wenyewe, wenye hati za karne nyingi, wameshindwa kukubaliana juu ya kaburi la jemadari wao mmoja, na wasomi wao waaminifu wanakiri hivyo bila haya. Nasi tuwe na ujasiri kama huo. Kusema "jambo hili halijathibitishwa" si kukosa heshima kwa wafu. Bali ni heshima kubwa kuliko zote.

Tena yafaa tukumbuke kwamba sisi hatukuwa watazamaji tu katika mambo hayo. Pale Mambrui palikuwa na kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya kaure ya enzi ya Ming. Mababu zetu walikinunua chombo cha Kichina, wakakipachika juu ya kaburi la mtu wao wa heshima. Hawakungoja jemadari awaletee ustaarabu. Walikuwa nao, na walijua la kufanya na bidhaa za ng'ambo. Laiti tungekuwa na hamu ya kujua ni nani aliyezikwa chini ya nguzo zile, kama tulivyo na hamu ya kujua ni Wachina wangapi waliozama Pate! Makaburi ya pwani yetu yasiyo na majina ni mengi kuliko ya Nanjing, na hayo hakuna serikali ya kigeni itakayokuja kuyaulizia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama twataka kushiriki katika kulijibu fumbo hili, na mengine yanayotuhusu zaidi, basi kuna kazi za kufanya. Vyuo vikuu vyetu viwafunze vijana wachache, hata kama ni watano tu, Kichina cha kale, Kiarabu na Kiajemi, ili hati zinazoitaja pwani yetu zisomwe na macho yetu wenyewe, badala ya kungoja kutafsiriwa na wenye haja zao. Masimulizi ya wazee wa Siyu, Faza na Pate yaandikwe yote kwa ukamilifu, pamoja na tofauti zake, kabla hayajazikwa na wenye kuyasimulia. Wala yasichujwe ili yabaki yale tu yanayowapendeza wageni. Na kila kinachofukuliwa katika ardhi yetu kielezwe kwa Kiswahili, ili mvuvi wa Lamu ajue sawasawa na profesa ni nini kilichopatikana na ni nini ambacho bado hakijapatikana.

Ama kuhusu Zheng He, mimi naamini, kwa kadiri ushahidi unavyoelemea, kwamba mifupa yake imo katika udongo wa Calicut, mahali ambapo pengine pamejengwa maduka na barabara, na watu hupita juu yake bila kujua. Akitokea mtu kesho na andiko la kunipinga, nitalisoma kwa furaha. Lakini asinijie na mnara mpya, wala na hotuba ya sherehe, akaniambia kwamba huo ndio ushahidi.